Betri ya tela la kempingi inachemka: tafuta chanzo kabla hujanunua kitu

Kama una tela la kempingi na betri yake inachemka, inanuka, inamaliza maji kila baada ya siku chache au imevimba mbavu, ukipita kwa fundi wa kwanza utaambiwa kontrola ya sola (kile kifaa kati ya paneli na betri kinachozuia chaji isizidi) imekufa, ukipita kwa wa pili atakwambia betri ndo imekwisha chukua N100 mpya, wa tatu atasema oltaneta ya gari. Wote wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu hakuna aliyepima. Betri kuchemka ni dalili tu. Kuna betri inachemka kwa sababu kweli kuna kitu kinaisukumia volti nyingi, na kuna betri inachemka huku chaja iko sawa kabisa, ila ndani seli moja imepiga shoti. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, na kinachoyatenganisha ni mita ya bei ya kawaida kabisa ambayo unaipata duka lolote la vifaa vya umeme pale mjini.

Tela lina ugumu wake ambao gari halina. Gari lina oltaneta moja basi. Tela linachajiwa na gari ukiwa barabarani, linachajiwa na sola ukiwa umepaki, na ukifika sehemu yenye umeme wa TANESCO au jenereta unachomeka chaja ya ukutani. Vyanzo vitatu, vyote vinaishia kwenye betri moja. Kwa hiyo sheria ya kazi hii yote ni kwamba unapima kwenye vichwa vya betri yenyewe, na unapima chanzo kimoja kwa wakati, vingine vyote vikiwa vimezimwa au kuchomolewa. Ukipima vyote vikiwa vinafanya kazi pamoja utapata namba lakini hutajua ni ya nani.

Kwanza usalama, na hapa naomba usiruke

Betri ya asidi ikichajiwa kupita kiasi inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika kama asilimia 4 tu ya hewa ndani ya boksi inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Betri nyingi za matela zinakaa kwenye boksi la bati pale mbele kwenye mkono wa kuvutia, au chini ya kitanda, sehemu zilizofungwa. Fungua boksi, acha lipigwe hewa kama robo saa kabla hujaingiza mkono. Usivute sigara, usiwe na jiko la mkaa karibu, usichomelee kitu. Ukisikia harufu ya yai viza ni gesi nyingine yenye sumu, toka nje fungua milango yote, na usije ukajipa moyo kwamba harufu imepungua, maana ile gesi ikizidi pua inaacha kuisikia.

Muhimu zaidi: usichomoe waya wa betri huku chaji inaingia, hapo ndo cheche inaruka. Zima chanzo kwanza. Kama ni sola, funika paneli kwa turubai au chomoa waya za paneli, kama ni gari zima injini, kama ni chaja ya ukutani zima swichi ya ukutani kabla hujagusa klempu. Vaa glavu na miwani, toa pete na saa. Weka ndoo ya maji karibu na magadi yale ya kupikia makande, kwa sababu magadi yakiyeyushwa kwenye maji yanaua nguvu ya asidi iliyomwagika kwenye bati au sakafu. Ila ikiingia jichoni usiweke magadi, ni maji safi tu mengi, dakika 15 hadi 20 mfululizo, afu hospitali.

Na kama betri imevimba vibaya, ni ya moto kiasi cha kushindwa kuweka kiganja, au ni lithiamu imevimba, hakuna kupima hapo. Zima vyanzo, iache ipoe, iondoe kwenye tela.

Jua betri yako ni ya aina gani

Hii inaonekana ndogo ila nusu ya kesi zinaishia hapa. Betri ya maji, ile yenye vifuniko sita juu, inakubali kuchajiwa mpaka volti 14.4 hadi 14.8 na baada ya kujaa inashushwa mpaka kama 13.5 au 13.8. Betri kavu ya AGM ni 14.4 hadi 14.7. Jeli ni ya kudekezwa, 14.1 au 14.2 inatosha, ukiipa 14.8 kila siku unaiua na haina sehemu ya kuongezea maji, kikitoka kimetoka. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 mwisho wake ni 14.6 na wengi wanaiacha kwenye 14.2. Watu hapa wanaita zote "betri kavu" ilimradi haina vifuniko, lakini AGM, jeli na lithiamu ni vitu vitatu tofauti. Soma stika. Kama stika imefutika, angalia namba ya modeli kwenye mwili wa betri utafute karatasi yake.

Kuna kontrola na chaja nyingine zinapandisha betri ya maji mpaka 15 na kitu kwa makusudi, kama mara moja kwa mwezi hivi, ili kusawazisha seli. Betri ikichemka siku hiyo moja na ni ya maji, inaweza ikawa ni hilo tu. Ikiwa ni betri kavu, hiyo kazi ya kusawazisha lazima izimwe kabisa.

Hatua ya kwanza: pima betri ikiwa imepumzika

Zima kila kitu, vyanzo na matumizi, friji pia, iache masaa manne au zaidi, mimi napenda usiku mzima. Asubuhi kabla jua halijapiga paneli weka mita kwenye DC 20, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, kwenye risasi ya kichwa chenyewe na sio kwenye klempu yenye kutu.

Betri ya asidi nzima iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7, AGM inaweza kufika 12.8 na kidogo. Ikisoma 12.1 au 12.2 imebaki nusu. Sasa angalia hapa: ikiwa ilichajiwa mchana kutwa mpaka ikachemka, afu asubuhi inasoma 10.5 au karibu na hapo, hiyo betri imepoteza seli moja. Betri ya volti 12 ina seli sita za volti 2.1 kila moja, toa moja ubaki na tano, ndo hiyo 10.5.

Na seli ikifa hivyo ndo mwanzo wa kumsingizia kontrola. Kontrola inatoa 14.4 kama ilivyofundishwa, kwa betri nzima ni 2.4 kwa kila seli, lakini sasa ile 14.4 inagawanywa kwa seli tano tu, kila moja inapata 2.88. Ni sawa na kuichaji betri nzima kwa volti 17 na ushee. Lazima ichemke. Ukibadilisha kontrola kumi itaendelea kuchemka.

Hatua ya pili: fungua vifuniko uangalie ndani

Kwa betri ya maji hii hatua inasema mengi kuliko mita. Angalia maji. Kama yamepungua kwa usawa seli zote sita, chaji kweli inazidi, endelea na hatua zinazofuata. Kama yamepungua seli moja au mbili tu, au nyingine zimepungua na moja imebaki imejaa, tatizo liko ndani ya betri. Ikiwa unaweza kuiangalia wakati inachaji (miwani, umbali, hewa ya kutosha) utaona nyingine zinatoa mapovu na ile iliyokufa imetulia tu kama haihusiki.

Ukiwa na haidromita, ile ya kioo yenye mpira wa kufinya juu inayopima uzito wa asidi ukilinganisha na maji, vuta asidi seli moja moja. Iliyojaa inasoma karibu 1.265 hadi 1.280, ila betri nyingine zinazotengenezwa kwa nchi za joto zinajazwa asidi nyepesi kidogo kwa hiyo usiogope ukiona seli zote zipo chini kidogo. Cha kuangalia ni tofauti kati ya seli na seli. Tofauti ikizidi 0.050 hiyo seli ni mgonjwa. Usipime mara tu baada ya kuongeza maji, utasoma maji badala ya asidi.

Wenye betri mbili zilizounganishwa pamoja chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na matela mengi yana N70 mbili za hivyo, zitenganishe kabla ya kupima. Moja ikiwa na seli iliyokufa inamnyonya mwenzake usiku kucha, mchana kontrola inasukuma ampia bila kufikia volti ya kujaa, ile mbovu inachemka, na nzima inakufa polepole kwa njaa. Ukizipima zikiwa zimeshikana unapata namba moja ya katikati isiyokwambia kitu. Usiku zikiwa zimetengana, asubuhi utamjua nani ni nani.

Betri ikifaulu hatua hizi mbili, sasa tunageukia vyanzo.

Hatua ya tatu: sola

Sola ndo naikuta na makosa mengi kwa hiyo nitakaa hapa muda kidogo. Chomoa plagi ya gari, chomoa chaja ya ukutani. Subiri siku ya jua kali, kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana, betri iwe imeshajaa au karibu kujaa. Pima kwenye vichwa vya betri, usiamini kioo cha kontrola, zile za bei rahisi zinaweza kukosea, afu waya mrefu mwembamba nao unafanya kioo kisome juu kuliko betri inavyopata kweli.

Inayofanya kazi vizuri utaona volti inapanda taratibu mpaka 14.4 hivi, inakaa hapo kwa muda, baadaye inashuka yenyewe mpaka 13.6 au 13.7. Ukiona imepita 15 na bado inapanda, funika paneli. Upande wenye tatizo umeupata, sasa tafuta sehemu.

Anza na mpangilio. Kontrola nyingi ndogo zina b1, b2, b3 kwenye kioo na kila kampuni ina maana yake, kwa hiyo soma karatasi ya hiyo hiyo uliyonayo. Betri ya jeli kwenye mpangilio wa betri ya maji itachemka na kontrola ni nzima kabisa.

Halafu kuna hili la 24, ambalo watu wengi hawalijui. Kontrola nyingi zinajitambua zenyewe kama mfumo ni wa volti 12 au 24, na zinajitambua kwa kuangalia volti pale zinapowashwa. Paneli moja ya kawaida ya seli 36 ikiwa haina mzigo inatoa volti 21 au 22. Sasa ukiunganisha paneli kabla ya betri, au fyuzi ya betri ikalegea barabarani kwenye makorongo afu ikarudi huku jua linawaka, kontrola inaweza kudhani ipo kwenye mfumo wa 24. Kuanzia hapo inasubiri volti 28 ndo iache kuchaji, na betri yako ya 12 haitafika huko, itachemka mpaka ikauke. Dawa yake ni kuchomoa paneli, kisha betri, subiri kidogo, rudisha BETRI KWANZA, hakikisha kioo kinasema 12, ndo uunganishe paneli. Wakati wa kutoa ni kinyume, paneli kwanza. Na kama kontrola inakuruhusu kuilazimisha iwe 12 tu, ilazimishe.

Kama hayo yako sawa, angalia kontrola yenyewe. Kwa zile za PWM, yaani zinazodhibiti chaji kwa kuiunganisha na kuikata paneli haraka haraka, kuna kipimo rahisi: betri ikiwa imejaa jua kali, pima volti kwenye skrubu za paneli pale kwenye kontrola, afu pima kwenye skrubu za betri. Kontrola nzima inakuwa inaizuia paneli, kwa hiyo upande wa paneli utasoma juu sana, 18 au 20. Ukikuta paneli inasoma 15.3 na betri 15.2, yaani zinalingana na zote ziko juu, mlango umebaki wazi, transista imeungua na paneli inamwaga moja kwa moja. Uthibitishe jioni: toa waya zote, kontrola iwe mezani peke yake, weka mita kwenye mlio, gusa paneli chanya na betri chanya, kisha paneli hasi na betri hasi. Upande mmoja ukilia ni kawaida kwa sababu umeunganishwa ndani. Pande zote mbili zikilia, imekufa, hiyo ndo ya kubadilisha. Kwa MPPT, zile kontrola zinazobadilisha volti ya paneli kabla ya kuipa betri, hivi vipimo havifai, pale volti ya paneli ina maisha yake.

La mwisho la sola, fuata waya kwa mkono kutoka juu ya paa mpaka kwenye betri. Matela yaliyopita mikono ya watu wengi unakuta mtu aliwahi kuongeza paneli ya pili akaipeleka moja kwa moja kwenye betri "kwa muda". Au mwenye tela ana paneli ya kukunja isiyo na kontrola, akifika kambini anaichomeka kwenye ile plagi ya Anderson (plagi nene ya ampia nyingi) iliyo upande wa betri. Paneli ya wati 100 inatoa zaidi ya ampia 5 bila mtu wa kuiambia basi inatosha, kila siku, ukikaa wiki pale ufukweni Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, unarudi na betri kavu kwa maana nyingine.

Hatua ya nne: gari

Funika paneli kabisa. Chomeka plagi ya gari, washa injini, ipandishe kidogo mpaka mizunguko kama 2,000. Pima kwenye betri ya gari kwanza, kisha kwenye betri ya tela. Kati ya 13.8 na 14.5 ni salama, baadhi ya magari yanafika 14.8. Ikipita 15 na inabaki hapo, regyuleta ya oltaneta, ile inayodhibiti volti yake, ina shida. Kabla hujaibadilisha angalia mambo mawili ya bure. Moja, ule waya mwembamba unaoipa regyuleta taarifa ya volti, ukiwa na kutu kwenye plagi unaidanganya kwamba betri iko chini na yenyewe inaongeza. Mbili, eathi: injini ikiwa inawaka na taa kubwa zimewashwa, pima kati ya mwili wa oltaneta na hasi ya betri, ikizidi 0.2 safisha na kaza eathi.

Ukikuta betri ya gari 14.2 na ya tela 15.1, oltaneta haina kosa, waya peke yake hauwezi kuongeza volti. Ama kuna chaja ya DC kwenda DC katikati (kifaa kinachopokea umeme wa gari na kuubadilisha volti kabla ya kuipa betri ya tela) iliyowekewa mpangilio usio wa betri yako, ama paneli hujaifunika vizuri.

Na kuna hatari moja ya kwetu. Gari likikuharibikia ukitoka geti la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti au njia ya Bunda, atakayekusaidia kuvuta tela mpaka mjini mara nyingi ni Fuso, na Fuso ni volti 24. Baadhi ya Land Cruiser mkonga nazo ni 24. Mvute, shukuru, ila plagi ya umeme usichomeke kabla hujapima upande wa gari.

Hatua ya tano: chaja ya ukutani

Hapa ni kufupi. Chaja za zamani za transfoma, zile nzito zenye mshale wa ampia, nyingi hazijizimi. Zinafaa kwa fundi anayekaa karibu nazo, hazifai kuachwa usiku kucha kwenye tela lenye watu wamelala. Pima betri ikiwa imejaa na chaja imewashwa: ikikaa juu ya 14.8 baada ya masaa kadhaa bila kushuka, hiyo chaja iondoke kwenye tela.

Kama kila kitu kinapima sawa na bado inachemka

Fikiria joto. Namba zote nilizotoa ni za betri yenye nyuzi 25. Betri ya asidi inatakiwa ipunguziwe kama volti 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi moja inayozidi. Mwanza yenyewe haina joto la kutisha, tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ziwa linatupoza, lakini boksi la bati kwenye jua na inveta imewekwa humo humo linafika 45 bila shida. Nyuzi 20 za ziada maana yake ile 14.4 inatakiwa iwe 14.0 au chini kidogo. Kama kontrola ina sensa ya joto hakikisha imegandishwa kwenye mwili wa betri, haijaanguka, haijakatika, na haiko karibu na friji inayopoza, maana ikihisi baridi itapandisha volti. Kama haina sensa shusha mpangilio kidogo kwa mkono. Toboa boksi matundu chini na juu, hamisha inveta, lipake rangi nyeupe. Betri ya asidi maisha yake yanakatika karibu nusu kwa kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25, kwa hiyo matundu mawili ya drili yana faida kuliko betri mpya.

Wenye lithiamu dalili zenu ni tofauti, haichemki. Ikizidishiwa volti ile BMS, saketi ya ulinzi iliyo ndani yake, inakata ghafla, na hapo volti ya paneli inabaki kwenye waya bila betri ya kuimeza, taa za LED zinaungua, friji inaleta kosa, mita kwenye vichwa inasoma kitu cha ajabu. Ukiona taa zinaungua mchana wa jua kali, angalia volti ya chaji kabla ya kulaumu taa.

Ukishatengeneza

Ongeza maji ya betri, yale yaliyotoneshwa (distilled) ya dukani, usiongeze asidi, usichote ziwani wala bombani. Kama plati zimeachwa wazi weka maji yazifunike tu, chaji, ndo umalizie mpaka milimita 10 hadi 15 juu ya plati, ukijaza kabla ya kuchaji yatafurika. Osha juu ya betri kwa maji ya magadi vifuniko vikiwa vimefungwa, suuza, kausha, kaza klempu.

Afu ikae siku tatu umepaki nyumbani, sio safarini. Pima asubuhi kabla ya jua, saa saba mchana, na usiku kabla ya kulala, andika kwenye daftari pamoja na joto la betri kwa kiganja. Plati zilizokauka muda mrefu hazirudi zote, kwa hiyo ikisoma 12.6 asubuhi lakini ukiwasha friji usiku inashuka haraka chini ya 12, uwezo umeshapotea na itabidi uibadilishe, ila sasa angalau hiyo mpya unaiweka kwenye mfumo usioichemsha. Ya zamani wauzie wanunuzi wa betri chakavu ikiwa na asidi yake ndani, usikubali mtu aimwage kwenye mtaro ili iwe nyepesi kubeba, maana mitaro yetu yote inaishia ziwani.